Kivuli Kwenye Sola

Jumatatu, 5 Oktoba 1992
Friji ya chanjo asubuhi, nyuzi nane. Jana saba. Nimeandika kwenye chati, nimechemsha sindano, nimepima watoto kumi na wawili kabla ya saa nne.

Nikapanda ngazi kufuta sola. Safi kabisa. Shida si vumbi, ni ule mkalitusi wa mbele ya zahanati. Kivuli chake kinalala juu ya sola mpaka saa tano, na saa nane mawingu ya ziwa yanafunga. Friji inaishi kwa jua la muda wa saa tatu tu.

Jumatano, 14 Oktoba
Nimekwenda kwa Chifu kuomba mti ukatwe. Ulipandwa na Mheshimiwa Diwani siku ya kupanda miti, na kibao chenye jina lake bado kipo chini yake. Chifu alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sista, hiyo mti iko na wenyewe."

Akanihubiria kuhusu mazingira. Nikamwambia hata sola ni mazingira, ndiyo iliyotuondolea ile friji ya mafuta ya taa na moshi wake. Akaniambia niandike barua. Nimeandika.

Fundi aliyetufungia sola alijigamba kwamba ni ufundi wa satelaiti. Sawa, lakini huko juu hakuna diwani wa kupanda mti mbele yake. Tena tuliifunga upande wa barabarani makusudi, wageni waione. Na mimi nilikubali. Wakati huo mti ulinifika kiunoni.

Jumatatu, 26 Oktoba
Nyuzi kumi na moja. Chanjo haitakiwi kupita nane. Sheria inasema tupa.

Lakini surua imeingia soko la Pap Onditi, na gari la chanjo kutoka Kisumu haliji mpaka mwezi ujao. Benchi limejaa. Mama Adhiambo, yule muuza omena, ametembea tangu alfajiri na Adhiambo wake mgongoni. Miezi tisa kamili, umri wa chanjo ya surua, ametimiza jana.

Nimedunga. Wote. Nilijiambia dawa haiwezi kuwa imeharibika yote. Nilikuwa najidanganya na nilijua.

Alhamisi, 5 Novemba
Barua iko kwa DO, mkuu wa tarafa. DO anataka maoni ya Diwani. Diwani yuko kwenye kampeni.

Mzee Ogola, mlinzi wetu, alijitolea kukata matawi mawili tu. Nikamkataza. Ana watoto sita na kazi moja. Mwenye nguvu mpishe. Nauchukia huo msemo, na bado nimeufuata.

Nyuzi kumi na tatu. Dozi zilizobaki nimezitupa shimoni. Nimechelewa siku kumi.

Jumanne, 24 Novemba
Mama Adhiambo amerudi. Mtoto macho mekundu, homa, vipele nyuma ya masikio. Mama hahitaji daktari kumwambia.

Akatoa kadi kwenye mfuko wa plastiki. Tarehe, sahihi, mwandiko wangu mzuri.

"Sista, si huyu ulidunga?"

Nikasema nilimdunga. Ni kweli. Ya friji sikuyataja. Nimewaandikia barua ya hospitali kubwa, Kisumu, nikawatafutia gari. Kisha nikajifungia stoo, nikalia.

Ijumaa, 27 Novemba
Adhiambo amefariki.

Jumamosi, 28 Novemba
Nimekwenda matangani. Mama yake alinishukuru kwa lile gari. Heri angenitukana.

Jumatatu, 11 Januari 1993
Friji asubuhi, nyuzi nne.

Diwani ameanguka kwenye uchaguzi. Juzi Chifu alikuja mwenyewe na watu wawili na msumeno. Hakuna aliyetaja barua. Kufikia saa sita mkalitusi ulikuwa kuni, na kibao kilikwenda nazo.

Leo Diwani mpya amekuja kushukuru wapiga kura. Akina mama wakaimba. Akasifu sola, akasifu mazingira, halafu Chifu akamletea mche, mkalitusi vilevile. Wakachimba shimo hatua moja kutoka kwenye kisiki, ili picha ichukue mti na sola pamoja. Nilimwangalia Chifu. Akaangalia viatu vyake.

Mama Adhiambo alipita barabarani na beseni lake la omena. Hakusimama.

Nikapewa kopo la maji. Nikamwagilia.