Mstari wa Mtu Mmoja

Mdogo wangu Morenike,

Pokea salamu za Odo-Oja. Miguu yangu imevimba, na viazi vikuu vya kutwanga sasa napewa laini kama uji. Jumamosi tunachagua gavana. Mjukuu wangu hucheka nikimwambia kwamba mwaka ule binamu yetu alipogombea hatukupiga kura ya siri: kila mtu alisimama nyuma ya picha ya mgombea wake, karani akahesabu vichwa.

Karani nilikuwa mimi. Mtaa mzima ulijipanga nyuma ya picha ya binamu yetu. Wewe ukaenda peke yako nyuma ya picha ya mpinzani wake, yule daktari wa mifugo.

"Morenike, umepotea?" muuza mawese alikupigia kelele. "Harusi iko huku!"

"Sijapotea, mama. Nihesabuni tu."

Kwetu nilihesabu mia mbili na kumi na wanne. Kwako niliandika sifuri, nikaisoma kwa sauti, nawe umesimama mbele yangu. Watu walishangilia. Juma lile ulihamia Jos, na hujarudi.

Miaka yote nimesema nilikuwa nakulinda na hasira ya mtaa. Si kweli. Niliona aibu kwamba aliyeasi ni dada wa karani. Nisamehe, daktari wangu hanipi hata mwezi wa kuishi.

Lakini kabla sijaenda nataka kujua, na usinifiche hata kama jibu ni matusi: uliona nini kwa yule daktari wa mifugo, ambacho sisi mia mbili na kumi na wanne hatukukiona?

Kaka yako,
Olatunbosun