Dudu Wawekwe Upande wa Serikali

Mama yangu mpendwa,

Habari za huko Longonot? Mgongo unaendeleaje, na yule mbuzi aliyebaki, anakula? Mimi ni mzima huku Saudia. Kazi ni ile ile, kupika, kupiga pasi na kunyamaza. Barua hii nimempa mwenzangu wa Lanet anayerudi nyumbani, kwa sababu kwa simu madam husikiliza, na haya siwezi kuyasema kwa sauti ya chini.

Uliponiambia Kadogo amekufa, nililia jikoni nikasingizia vitunguu. Mbuzi wa maziwa, ametobolewa macho na miiba ya dungusi, akashindwa hata kufika kwa maji! Na dungusi hiyo tunajua ilikotoka. Jirani yetu, Bwana Geti, ndiye aliyeipanda iwe ua wake, na kila akiipunguza anatupa vipande nje, kando ya barabara, vinaota. Ulipoenda kumwomba kwa heshima, si alikucheka? "Hapo ni kwa serikali, mathe. Mbuzi wako akiumia, shtaki serikali." Maneno hayo nalala nayo, naamka nayo.

Sasa unasema kikundi chenu cha kung'oa magugu kimepewa wale dudu weupe wanaofyonza dungusi mpaka ikauke, na chifu amekubali muwaweke barabarani. Halafu wewe, uliyebeba kikapu cha dudu, ukawapeleka mbali kule kwa reli, eti kwa sababu Bwana Geti alikataa kujiunga na kikundi, basi ua wake usiguswe, tena siku hizi anakusalimia kanisani. Aki mama! Salamu itamfufua Kadogo?

Mimi sijamsamehe na sitaki. Chukua vipande vingine vyenye dudu, uviegemeze kwa vichaka vilivyoota alipotupa mwenyewe, pale pale ua wake unapoanzia. Kwake usikanyage. Upepo utawavusha. Nataka aamke akute ua umelegea, ng'ombe wa watu wako ndani ya mahindi yake. Afinye huo weupe wa dudu unaofanana na pamba, maji yao mekundu kama damu yampake vidole, ashtuke.

Nisalimie shangazi Wambui anayekusaidia kukamua, na kaka Njoroge huko Salgaa, mwambie asikupinge.

Na Bwana Geti akija kulalamika, mpe kiti, mpe na chai. Akimaliza kunywa, mwambie polepole: "Hapo ni kwa serikali, mzee. Shtaki serikali."

Ni mimi binti yako, nisiyesahau,
Nyambura