Tangazo la Mayai na Asali

Jumanne, 28 Januari 2020
Mwanangu Dan amepiga simu kutoka Nairobi. Asema boma lisiponilisha kufikia Pasaka, atakuja kunihamisha. Sitaki! Mke wangu Nakuam amelala hapa nyuma ya nyumba. Nani atampalilia?

Nimeamua kuuza mayai na asali kwa simu. Lakini kuwapigia watu kelele si tabia yangu — nimechagua lile kundi la WhatsApp la mazishi ya Nakuam. Miaka miwili sasa, halijavunjwa. Hao angalau wananifahamu.

Nimeandika kwa adabu: "Kwa heshima na unyenyekevu, familia ya Mwalimu Ekuam inasikitika kuwasumbua tena…" Kisha aya ya Zaburi. Mayai na asali nimevitaja mwishoni kabisa, nisionekane nalazimisha. Na picha yangu ya suti, ili wajue muuzaji ni nani.

Jumatano, 29 Januari
Majibu thelathini na moja! Hakuna aliyeuliza bei. "Poleni sana." "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." "Si Jumapili nilimwona kanisani? Alianguka?"

Mama Kinanu, mwenyekiti wa ile kamati ya mazishi ya Nakuam, amebadilisha jina la kundi: Mazishi ya Mwalimu Ekuam. Wamesoma mstari wa kwanza na kuona picha — basi.

Nikaandika: "Samahani, mimi ni mzima." Mmoja akajibu: "Dan, ni wewe uko na simu ya mzee? Jikaze, ndugu."

Alhamisi, 30 Januari
Nimempigia Mama Kinanu. Akalia kabla sijamaliza salamu.

"Woi, Dan! Umechukua sauti ya baba yako yote!"

Nikasema ni mimi. Akasema huzuni humfanya mtu hivyo, nile kitu, nilale. Nikamshukuru.

Dan alinipigia mara mbili nikiwa kwenye banda la kuku. Nikimpigia, hapatikani. Baadaye akaandika kundini: "Asanteni. Kesho napanda gari."

Majirani wamepita nje ya ua wakishusha sauti. Nikakohoa, wanitambue. Wakaongeza mwendo.

Ijumaa, 31 Januari
Saa mbili asubuhi. Vijana wa mtaa wa Bulla Pesa wameingia na viti, tenti na sufuria. Mkubwa wao, Lotukoi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole mzee. Wewe ni ndugu ya marehemu?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Eeh, mnafanana kabisa! Kaa kivulini, usichoke. Mwili unafika saa ngapi?"

Nikasema sijui. Kweli sijui.

Wakaomba kitu cha kula. Nimewachemshia mayai, nikatoa na asali.

"Hii asali ni noma! Marehemu alikuwa anauza?"

"Alijaribu," nikasema.

"Si angesema! Tungekuwa tunanunua kila wiki."

Saa tano. Sururu nyuma ya nyumba. Nimekwenda kutazama. Wamepima vizuri — sambamba na Nakuam, hatua moja tu katikati. Nisingechagua mahali pengine. Lotukoi yuko ndani hadi kiunoni. Kuku wote wamesimama ukingoni, hawadonoi.

"Mzee, huu urefu utamtosha? Si mnalingana? Hebu shuka kidogo tupime."

Nimeomba dakika moja nimalize kuandika. Wameweka majembe chini, wamevua kofia, wananingoja. Vijana wenye adabu sana. Naona haya kuwachelewesha —