Sauti ya Mama Chini ya Herufi

Bagamoyo, 14 Juni 2025

Mdogo wangu Ummy,

Assalam alaykum. Natumai huko Maskati hamjambo, wewe, shemeji na biharusi wetu Kibibi, na joto halijawakausha mkawa ng'onda. Sisi wazima. Mama anakula, anatembea, na tangu madaktari wamtoe uvimbe wa koo wakaondoka na sauti yake, anagomba kwa mikono. Jana kanigombeza kwa mwiko.

Sasa sikiliza. Nimeitoa kompyuta yako ya zamani uvunguni, kule nyumba ya Zinga. Ndani yake bado imo ile programu ya muziki niliyokuletea kutoka Ulaya enzi zangu za melini, bandari ya Antwapi, mji ambao nusu ya mabaharia wananijua kwa jina na nusu wananidai wali. Ukibonyeza herufi, inatoa sauti. Wewe ulimrekodi mama wimbo wake wa kumtoa biharusi, ukaukata vipande, kila kipande chini ya herufi yake. Wimbo ule hauko pengine popote. Mwezi wa nane Kibibi atatolewa hapa Bagamoyo kwa sauti ya bibi yake, inshallah.

Nimempelekea fundi wa hapa mjini. Kijana ana ndevu tatu, ananiambia, "Mzee, hii wape makumbusho." Mzee! Mimi! Kampuni ya programu ilishakufa, anasema, faili zake hazifunguki tena. Kwani kampuni ikifa ndiyo izikwe na sauti ya mama yangu? Nimejitwika kompyuta nikatoka, sikuaga.

Kaka yako,
Mikdad

Maskati, 20 Juni 2025

Kaka Mikdad,

Shikamoo. Sisi salama, alhamdulillahi. Nibusie mama mkono.

Kaka, usijisumbue. Mwanangu Haidar anasema siku hizi ukiipa simu sauti ya mtu kidogo tu, inamwiga na kuimba chochote. Ninao ule ujumbe wa sauti wa zamani, mama aliponiuliza kama dagaa wamefika. Unatosha. La sivyo, nimeshazungumza na Bi Jasmin wa Dar, anaimba vizuri. Mimi hata herufi nimezisahau, nilikuwa na miaka kumi na sita.

Mdogo wako,
Ummy

Bagamoyo, 3 Julai 2025

Ummy,

Marahaba. Salamu zote pokea hapohapo, nimalize heshima kabla sijapasuka.

Simu imwige mama? Mama yuko hai, kakaa mbele yangu anachambua mchele! Biharusi atolewe na ujumbe wa dagaa? Nilimsomea barua yako. Akaweka ungo chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mpaka Alasiri.

Kesho yake nikaenda Kariakoo kwa fundi Sufiani. Huyu mtu kweli. Kaichukua kompyuta ya zamani yote, kaiingiza ndani ya laptopu mpya, ikaamka humo kama iko kwake. Sauti zikatoka, Ummy! Nikalia pale dukani, nikawaambia watu ni vumbi.

Lakini akaniharibia. Kwa hisani yake mwenyewe, bila kuulizwa, akazisafisha: katoa kikohozi, katoa pumzi, kaviunga vipande vyote vikawa wimbo mmoja unaokwenda moja kwa moja. Nikaupiga nyumbani. Bi Sikuzani wa jirani na wenzake walipoanza kuitikia, mashine ikawapita! Tangu lini mwimbaji akawakatisha waitikiaji? Mama husubiri sauti ya mwisho ishuke ndipo aingie tena. Kanirushia kandambili, na mama ana shabaha.

Nimerudi kwa Sufiani, nimemfokea duka zima lisikie. Nimemwambia arudishe programu ilivyokuwa, herufi zake na kikohozi chake, mama abonyeze mwenyewe.

Kaka yako,
Mikdad

Maskati, 12 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima. Bi Jasmin ameshakubali, tafadhali tusimwangushe. Kibibi analia anamtaka bibi yake, lakini mimi naogopa. Msimkalishe mama mbele ya kompyuta, akosee, wanawake wa mji mzima wakimtazama. Amepoteza sauti, asipoteze na heshima.

Ummy

Bagamoyo, 2 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Assalam alaykum. Sikukujibu kwa sababu kila nikianza naandika maneno ambayo posta wangeyakataa. Afya zetu njema.

Jumamosi iliyopita Sufiani kaileta laptopu mwenyewe, tukaiweka juu ya mkeka. Sikumkalisha mtu. Mama kajifuta mikono kwa kanga, kakaa, kabonyeza. Sauti yake ikatoka, ile yenyewe, na kikohozi. Bi Sikuzani akaitikia jikoni, hajui hata anaitikia nini. Mama kidole juu, anangoja. Sauti ikashuka. Akabonyeza ya pili. Alikosea, akafyonza, akarudia. Kufika Adhuhuri anawaongoza wanawake ua mzima, na wanaokwenda mbio anawatolea macho kama zamani.

Kisha kabonyeza herufi ya pembeni. Ikasema kwa sauti ya mama: "Mikdad, ondoka hapo, mwache mwenzio!"

Ummy! Mtu mzima mwenye pasipoti! Miaka yote hiyo umenihifadhi nikifukuzwa! Wanawake walianguka kwa kicheko. Sasa nikiingia, anaibonyeza. Nikiomba kahawa ya pili, anaibonyeza. Sufiani anasema inaweza kufutwa. Nimemwambia akiigusa nitamvunja mkono.

Bi Jasmin aje kama mgeni, aitikie na wenzake. Nimemuuliza mama nikuandikie nini. Akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akabonyeza: "Ummy, funga hiyo mashine, njoo ule."

Basi njoo.

Kaka yako niliyefukuzwa,
Mikdad