Sajini Anataka Mtaa Mzima Ulie

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa nitatakiwa kulia tena na machozi sina. Mume wangu Nasur ni sajini, mtu wa Koboko, na tangu kaka yake afe kambini alikuwa hasemi, anakula akitazama ukuta, watoto wakicheka anawanyamazisha kwa macho, mpaka nikamshika mkono nikampeleka kwa Saturnino, mkimbizi kutoka Sudani anayefunga vidonda zahanati, mtu mpole ambaye jioni huwapigia wagonjwa adungu, kile kinubi cha kwetu, nyuzi zake taratibu, kisha huwauliza wamesikia nini moyoni. Mshauri, mume wangu alivua kofia akalia kama mtoto, akataja jina la kaka yake kwa mara ya kwanza, akalala mpaka adhana, nami nikamshukuru Mungu.

Kumbe nilishukuru mapema, maana kesho yake alimleta Saturnino kwetu Awindiri kwa gari la jeshi na mpaka leo hajamrudisha, anasema dawa hii ni ya taifa. Kila Ijumaa baada ya sala majirani wanaitwa uani, Saturnino anapiga, na mume wangu anapita katikati na fimbo akiuliza, "Wewe iko nasikia nini?" Mzee Sulaiti, fundi cherehani, alijibu, "Afande, mimi iko nasikia njaa." Akaambiwa hiyo si kitu ya moyo, afyeke majani ya barabara mpaka moyo wake ufunguke. Tangu hapo kila mtu anakuja na kipande cha kitunguu kwenye leso, na mimi pia.

Leo Saturnino, vidole vimepasuka, aliniambia jikoni, "Mama, bibi yangu Kiden iko Koboko na mimba, siku yake karibu. Sema na Afande, mimi nataka kwenda." Nikaenda, nikafungua mdomo, mume wangu akaniuliza kwa upole, "Hawah, unasikia nini?" nikasema, "Amani." Amani, mshauri, kisha nikarudi jikoni bila kumtaja Kiden! Namwonea huruma Saturnino, lakini naogopa fimbo, na zaidi naogopa mume wangu atanyamaza tena kama zamani. Nifanye nini, au nikimbilie kwa mama kijijini Ajia?

Hawah, Awindiri

*

Dada Hawah,

Majina nimeyabadili yote, hata la mtaa. Msomaji akijiona humu ni bahati mbaya tu, asije ofisini kwetu.

Pole. Sasa nikukemee. Wewe uliyemshika sajini mkono ukamfikisha zahanati, leo unakimbia swali lake? Saturnino alimponya kwa kumwacha alie mwenyewe. Mumeo ameipenda dawa, ila njia anayoijua ya kugawa kitu ni moja: amri. Na nyinyi mnamjibu kwa vitunguu. Mtu akidanganywa kila anapouliza, mwisho ataacha kuuliza, na hapo ndipo kile kimya unachokiogopa kitarudi.

Amri yake ni kusema unachosikia. Basi mtii! Usiseme Ijumaa mbele ya watu. Sajini akiaibishwa, mtaa wote utafyeka majani. Mwambie asubuhi anapokunywa chai, hata kama sukari hakuna, kabla hajavaa buti: "Nasikia woga. Wewe ndiye nakuogopa." Kisha funga mdomo. Usilie, usiombe radhi, usianze habari za mkaa ulioisha. Mwache amalize kikombe. Ndipo umweleze habari ya Kiden, na umwombe gari lilelile lililomleta Saturnino limpeleke Koboko siku hiyohiyo, pamoja na adungu yake. Ukichelewa, mtoto atazaliwa huku baba yake anawapigia watu wenye macho ya kitunguu.

Mumeo akihitaji kulia tena, na atahitaji, aende zahanati Saturnino atakaporudi, apange foleni na wagonjwa wengine, fimbo aiache nyumbani.

Akifoka, beba watoto uende kwa mama yako huko Ajia, useme karanga zinataka kuvunwa. Huko hakuna atakayekuuliza unasikia nini moyoni. Watakupa jembe.