Wembe wa Baba Haushiki Makali

Msambweni,
9 Machi 1954

Kwa dada yangu mpenzi Mwanapili,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mzigo uliobeba, pamoja na shemeji Mwero na mpwa wangu Biasha. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mama goti bado lamsumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa. Jana alimsema muuza samaki mpaka yule muuzaji akasahau kikapu chake.

Barua yako nimeipata. Umeniomba nije Kikoneni na wembe wa Baba siku ya saba baada ya kujifungua, nimnyoe mtoto nywele za uzazini. Umesema Baba alikataa kumnyoa Biasha kwa sababu hakumpenda Mwero, basi angalau wembe wake umguse huyu. Nilipofika hapo nililia.

Nikautoa wembe sandukuni, mara ya kwanza tangu arubaini ya Baba. Nikaunoa kama alivyonifundisha: kinoo kiloe maji, wembe ulale bapa, mgongo na makali viguse jiwe pamoja, usukume makali yakitangulia. Kisha kwenye mkanda wa ngozi, hapo mgongo ndio utangulie. Nikaujaribu kwa unywele mmoja wa Mama, ukakatika hewani. Nikauacha barazani, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi ulikuwa butu.

Nilidhani nimekosea. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu niliufungia sandukuni, ufunguo mfukoni mwangu, na niliporudi haukuweza kukata hata uzi. Tangu hapo, kila nikitoka msikitini, nikifika mlangoni nasikia mkanda wa ngozi: pa, pa, taratibu, kwa mwendo wake Baba. Nikiingia, mkanda umetulia ukutani. Mama asema yeye hasikii kitu, na kwamba nikioa nitaacha kusikiliza kuta. Nacheka naye, lakini naogopa, dada. Naogopa kuingia nyumbani kwetu mchana kweupe.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba hakukataa kumnyoa Biasha kwa chuki. Alikuwa amekwisha kufunga kitambaa chake cha safari, na ndani yake alitia kofia ndogo aliyomshonea mtoto kwa mkono wake. Aliyemzuia ni mimi.

Mwaka ule wateja wa kunyolewa walinipita mimi wakamngoja yeye. Nilijiambia kuwa mzee anatetemeka, atamkata mtu. Uwongo. Mkono wa Baba ulitetemeka kwenye kikombe cha kahawa; kwenye kichwa cha mtu haukutetemeka kamwe. Basi kila alipokwenda kuswali adhuhuri, niliuburuza wembe wake mara moja kwenye mdomo wa mtungi. Akirudi anaukuta butu, anakaa kunoa upya. Baada ya wiki mbili alinikabidhi kinoo. Akasema mkono wake umekufa, na hawezi kuupeleka mkono uliokufa kwenye kichwa cha mjukuu wake wa kwanza. Akaniomba nisikwambie, maana aliona haya; heri umdhanie ana hasira. Nikanyamaza, nikakikalia kiti chake.

Miaka minne umemnunia mtu aliyekuwa akikupenda, na amekufa hali hamjasemezana. Hasira hiyo ni yangu. Nipe mimi.

Wembe nimeunoa tena leo asubuhi. Adhuhuri imepita nikiandika, nao uko mbele yangu, na sijathubutu kuujaribu. Nampa Kavumbi, dereva wa lori, akuletee pamoja na kinoo, mkanda na kile kitambaa cha safari. Mwero ana mkono mtulivu, aushike yeye. Mimi sitakanyaga Kikoneni mpaka uniite, na usiponiita sitakulaumu.

Mama akusalimu sana na akuombea ujifungue salama. Nisalimie shemeji. Kofia imo humo ndani ya kitambaa, kama Baba alivyoifunga. Haimtoshi tena Biasha. Mvishe mdogo wake, na umwambie Biasha kwamba babu yake alikuwa anakuja.

Wasalaam,
nduguyo aliyekukosea,
Waziri