Mfupa wa Bibi Salama

Kwa Kaka Khalfani,

Shikamoo. Natumaini kambi ya jeshi inakuendea vizuri na kwata haijakumaliza. Sisi hapa Kibaha ni wazima, isipokuwa bega la Bibi Salama, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu nikiwa na hasira.

Unajua Bibi hawezi tena kujifunga kanga mwenyewe. Daktari alituonyesha picha: kiungo kimesagika, na lile tundu ambamo kichwa cha mfupa wa mkono huzunguka limelika upande mmoja. Alieleza kwamba watamwekea kiungo cha bandia, lakini hakiwezi kushika kwenye mfupa uliolika. Kwa hiyo kile kichwa watakachokiondoa watakichonga, wajazie pale palipopungua.

Baba mkubwa Rajabu alipokuja kutoka Kibuta aliuliza jambo moja tu: mfupa utakaokatwa atakabidhiwa nani, ukazikwe makaburini kwetu kama ulivyozikwa mguu wa marehemu Babu? Baba akamjibu kwamba hautatoka, utabaki humo humo begani. Baba mkubwa akasema yeye si mtoto wa jana; daktari asiyerudisha mfupa ana mteja wake. Akaamuru Bibi arudishwe Kibuta Jumamosi, akakandwe kwa majani. Baba, kwa kuwa ni mdogo wake, akainamisha kichwa.

Kaka, nilikasirika hata chai ikanishinda. Walijadili mazishi ya mfupa, na mwenye mfupa amekaa palepale mkekani. Hakuna aliyemuuliza chochote. Nami nilinyamaza, unanijua.

Walipotoka, Bibi aliniita nimweleze polepole. Nikamchorea. Akacheka, akasema kumbe mfupa unahama chumba tu, nyumba ni ileile. Na wenye haraka ya kuzika wasubiri kwanza afe.

Sasa nikuambie asilolijua Baba. Kesho Alhamisi, siku aliyopangiwa na daktari, alfajiri mimi na Bibi tunakwenda hospitali, na kukubali atakubali mwenyewe. Mama aliniona nikikunja kanga za Bibi, akaongeza moja, hakuuliza. Barua hii ikikufikia, Bibi atakuwa ameshapasuliwa. Ninaogopa, na Baba mkubwa akinifokea sitaweza kumjibu neno. Lakini radhi simwombi.

Ule vizuri, usijifanye shujaa juani. Bibi anakusalimu sana. Anasema Baba mkubwa akija kukulalamikia, umkumbushe bega ni la nani.

Mdogo wako,
Hajira